Mapendo ya Kukutana: Mafundisho ya Jamaa na Mashairi ya Masufi

Ndugu msomaji, ukikaa hapa Sanga na kuuliza vijana neno «jamaa» maana yake nini, watakujibu mara moja: ni familia. Jibu si baya. Lakini uliza bazee, hasa wale waliofanya kazi ya reli ao waliorudi kutoka migodi ya Kolwezi na Likasi. Utaona wananyamaza kwanza. Kisha wanakuuliza wao: unataka kujua ya nini?

Siye tulitaka kujua kwa sababu ya kitabu. Mu kikao kimoja cha chama chetu, tulipokuwa tunagawanya kazi ya kuandika, mwenzetu moja alileta buku ya Kifaransa juu ya mashairi ya Masufi, ni kusema Waislamu wale wanaotafuta Mungu kwa njia ya mapendo. Tulisoma kurasa chache kwa sauti, kila mtu akitafsiri alivyoweza. Mzee moja aliyekuwa amekaa nyuma, Mkristo wa tangu utoto, akasema haya maneno ameyasikia zamani, na si mu buku: aliyasikia kwa baba na mama wa Jamaa, usiku, karibu na moto. Njo hapo kazi yetu ilianzia.

Tuanze na Masufi, kwa kuwa wengi wetu hatukufundishwa habari zao masomoni.

Kwa Sufi, sheria ya dini ni ya lazima, lakini haitoshi. Sheria inakufikisha mlangoni. Kinachokuingiza ndani ni mapendo. Inasimuliwa kwamba Rabia, mwanamke wa mji wa Basra aliyeishi karne ya 8, alitembea njiani ameshika moto mkono moja na maji mkono wa pili. Alitaka kuchoma paradiso na kuzimisha jehanamu, ili watu waache kumuabudu Mungu kwa tamaa ya mshahara ao kwa woga wa fimbo. Huyo ni mama aliyejua watu wanavyofanya kazi! Wafanyakazi wa zamani ya Babelgi wangemuelewa upesi.

Baada yake walikuja washairi wengi. Anayejulikana zaidi ni Jalal al-Din Rumi, aliyezaliwa mwaka 1207 na kufariki mwaka 1273 katika mji wa Konya, inchi ambayo leo ni Uturuki. Rumi alikuwa mwalimu wa sheria, mtu wa heshima, mwenye wanafunzi wengi. Mwaka 1244 alikutana na mtu wa kutembea-tembea, Shams wa Tabriz. Kukutana kule kulimvunja na kumjenga upya. Wanafunzi wake walikasirika: namna gani mwalimu mkubwa anafunga mlango siku nzima na mtu asiyejulikana? Mwishowe Shams akapotea, na Rumi akaanza kuimba. Hakufundishwa mapendo na kitabu. Alifundishwa na mtu aliyesimama mbele yake.

Miaka ilipita, mwenzake mwingine, Husam Chelebi, akamwomba atunge buku ambalo wanafunzi wangeweza kulishika. Rumi alitamka, Husam akaandika, na mara nyingi kazi ilikwenda mpaka asubuhi. Kutoka pale ilitokea Masnavi, vitabu sita, mistari karibu 25,000. Msomaji ashike hilo jina la Husam, mwandishi. Tutarudi kwake.

Na tusidhani ni mambo ya Uturuki na Uajemi tu. Njia hizi, ambazo Waswahili wa pwani wanaziita tarika, zilifika Afrika ya mashariki. Kule Barawa, kwenye pwani ya Somalia, mwanamke anayeitwa Dada Masiti alitunga tenzi za dini kwa lugha ya mji wake, iliyo ndugu ya Kiswahili, na bamama wengine walizishika kwa kichwa na kuziimba. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alieneza tarika ya Qadiriyya mpaka Unguja na bara. Kutoka pande za Ujiji njia hiyo ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika kwa Waislamu wa Maniema, Kasongo na Kindu. Wanakaa duara, wanataja jina la Mungu pamoja na pumzi, tena na tena, wanaimba kasida. Serikali ya kikoloni iliwaangalia kwa jicho la mashaka, maana iliogopa watu wanaokutana usiku na kumtii shehe kuliko msimamizi. Kumbuka hili pia.

Kwetu, pande za Kamina, mapendo ya namna hii yalipita mlango mwingine: misioni ya Wafransiskani.

Padri Placide Tempels alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906, akapewa upadri mwaka 1930, akafika Kongo mwaka 1933. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba miaka ya kwanza alikuja kama bwana: anajua, anaamuru, anakataza, anafundisha katekisimu na watu wanaitika. Wanaitika, lakini hakuna kinachoingia ndani. Kidogo kidogo akabadilisha mwendo. Aliacha kuuliza Baluba wanafanya nini, akaanza kuuliza wanatamani nini. Kutoka mazungumzo yale kilitokea kitabu chake *La philosophie bantoue*, kilichochapishwa Elisabethville mwaka 1945.

Kitabu hicho kimefanya makelele mengi duniani. Askofu wa Elisabethville wakati ule, de Hemptinne, hakukipenda hata kidogo. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alikishambulia mwaka 1950 kwa sababu nyingine kabisa: aliona kinampa Muafrika heshima ya roho na kumwacha mzungu na mali na mamlaka. Wasomi wa Kongo nao walikipima na kukipasua, pamoja na V. Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi, aliyefariki mwaka 2025. Siye hatutaingia mu ile vita. Tunasema neno moja tu: buku lilisema juu yetu, lakini halikusema na siye. Liliandikwa kwa Kiholandi, likatafsiriwa kwa Kifaransa, kwa ajili ya Bazungu wenzake. Baluba waliotoa mawazo yao hawakuweza kulisoma. Kazi kubwa ya Tempels, kwa macho yetu, ilikuja nyuma, na dunia inaijua kidogo sana.

Mwaka 1946 alirudi Ulaya, akakaa kule mpaka 1949. Aliporudi Katanga alitumwa upande wa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière. Katika kambi ya Musonoi, mwaka 1953, watu wa kwanza walianza kukusanyika naye, wanaume na bibi zao. Wakajiita Jamaa. Hawakuwa wanafunzi wa seminari. Walikuwa watu wa sululu na mashine, na bamama wa nyumbani waliotoka kabila mbalimbali, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili cha kambi. Njo mu Kiswahili hicho mafundisho yalizaliwa, wala hayakutafsiriwa kutoka lugha ingine.

Mafundisho yenyewe yalikuwaje? Yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Uzima si afya ya mwili tu. Ni nguvu yote ya kuwa muntu. Uzazi si kuzaa watoto kwa damu peke yake. Ni kuzaa wengine kwa mawazo, kwa neno, kwa kuwafundisha. Na mapendo ni kuunganika mpaka mawazo yako na ya mwenzako yawe kitu kimoja. Tempels alisema hayo matatu si yake: ni yale aliyopata alipouliza watu wanatamani nini. Akayarudisha kwao, akisema kwamba ndiyo yale yale Mungu anayotamani, na kwamba katika Yesu na Bikira Maria wanaweza kuyaona yametimia.

Neno «mawazo» lilikuwa na uzito wa ajabu. Katika mafundisho, kabla ya vitu vyote kuumbwa kulikuwa na mawazo ya Mungu. Muntu ametoka mu yale mawazo, na kazi yake ni kuyarudia. Mkristo wa kawaida anaweza kushangaa. Lakini mpe Sufi maneno haya atatikisa kichwa kwa kukubali, maana washairi wao pia wanaimba juu ya muntu aliyetengwa na asili yake na anayelia kurudi.

Mtu hakuingia Jamaa peke yake. Hapa njo tofauti kubwa na Masufi, na hapa tunafikiri Jamaa ilitia kitu chake duniani. Sufi ana shehe. Mwanafunzi anaweza kuwa mtu pekee, hata mtawa wa jangwa. Kwenye Jamaa waliingia wawili, bibi na bwana, na waliwafundisha wawili, baba na mama. Hao walikuwa wazazi wa roho. Waliofundishwa walikuwa watoto wao, hata kama kwa miaka walikuwa wamewapita. Njia ya kwanza ilikuwa ya bibi na bwana kuunganika kweli kweli: kuambiana mawazo yote, hata yale ya haya, hata ndoto. Asubuhi mume alimwambia mke aliyoota usiku, na mke vilevile, kisha walipelekea baba na mama ile ndoto ili wasikie maana yake. Njia zilizofuata ziliwapeleka kukutana na Bwana Yesu na Bikira Maria, na habari zake hazikutolewa kwa mtu wa inje. Wakimaliza, waliitwa nao baba na mama, wakaweza kuzaa wengine.

Fikiri sasa maisha ya kambi wakati ule. Mwanaume anatoka asubuhi na sirene, anarudi amechoka, anatoa amri nyumbani kama alivyopewa amri kazini. Mke hajui mshahara wake, na yeye hajui huzuni ya mke. Watu hao wanaambiwa: hutafika kwa Mungu kama hujafika kwa bibi yako. Bazee waliotuelezea walisema jambo lililowashinda zaidi si kusali. Kusali walizoea. Lililowashinda ni kukaa kiti kimoja na bibi na kumfungulia moyo, na yeye kujibu bila woga. Wengine walilia. Kuna walioacha palepale.

Hakuna ushahidi kwamba baba yeyote wa Jamaa alisoma Rumi ao aliketi na mashehe wa Kasongo. Hatusemi moja alimwiga mwingine. Tunasema tu kwamba watu wawili mbalimbali walichimba visima viwili na kukuta maji ya ladha moja: kwamba hekima haishuki kutoka buku, inazaliwa pale mtu anapokutana na mtu. Tempels mwenyewe, alipotoa kitabu kidogo juu ya safari yake mwaka 1962, alikiita *Notre rencontre*, kukutana kwetu. Rumi na Shams wangeelewa hilo jina bila mkalimani.

Na kama ilivyowapata Masufi, ndivyo ilivyoipata Jamaa. Al-Hallaj wa Baghdad aliuawa mwaka 922 kwa sababu, pamoja na mambo ya siasa, alisema juu ya kuunganika na Mungu maneno ambayo wakubwa wa dini hawakuweza kuyavumilia. Kwetu hakuna aliyeuawa, lakini mashaka yalikuwa ya namna moja. Siri ya nini? Wanafanya nini usiku? Kwa nini Mkristo wa kawaida anaitwa baba, jina la padri? Na hili neno mapendo, mapendo gani? Hatutaficha: fasi fulani watu waligeuza neno hilo kuwa kifuniko cha tamaa, na vilitokea vikundi, hasa vile vilivyoitwa Katete, ambavyo maaskofu walivilaumu sana. Masufi nao walikuwa na watu wao wa kujificha nyuma ya wimbo. Lakini kuhukumu Jamaa yote kwa Katete ni kama kuhukumu ndoa zote kwa wazinzi.

Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962 na hakuonekana tena Kongo. Alifariki Hasselt mwaka 1977. Katika miaka ya 1970 maaskofu waliweka masharti makali juu ya Jamaa. Wengine waliapa kuacha, wakabaki Wakristo wa kawaida mu parokia zao. Wengine waliendelea pembeni. Na wengi, tunafikiri, walifanya yote mawili: mu kanisa walinyamaza, nyumbani waliendelea kuambiana ndoto.

Sasa turudi kwa Husam.

Kamina inajulikana duniani kwa kitu kimoja cha dini, nacho ni wimbo. Padri Guido Haazen, Mfransiskani pia, alikusanya watoto na walimu wa masomo ya Kamina katika kwaya ya Troubadours du Roi Baudouin. *Missa Luba* iliimbwa katika misa kwa mara ya kwanza hapa Kamina tarehe 23 Machi 1958. Maneno ni ya Kilatini, yale yale ya misa ya kila fasi. Sauti na ngoma ni za Baluba na majirani zao. Mwaka ule ule kwaya ilizunguka Ulaya, ikanaswa kwenye sahani, na mpaka leo sahani ile inasikilizwa. Tunaifurahia. Lakini tazama kilichobaki na kilichopotea. Kilichobaki ni sauti yetu juu ya maneno ya wengine. Maneno yetu wenyewe, mafundisho ya uzima, uzazi na mapendo, yaliyotamkwa wakati ule ule, mkoa ule ule, hayakuwa na sahani.

Si kwamba hakuna aliyeandika. Mjerumani Johannes Fabian alikuja Katanga miaka ya 1966 na 1967, akakaa na watu wa Jamaa, akanasa mafundisho yao kwa Kiswahili na kutoa kitabu mwaka 1971. Tunamshukuru. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na hapa Sanga hatujakutana na mtu aliyekishika mkononi. Imekuwa mara ya pili: Baluba walitoa mawazo, yakaenda kusomwa ng'ambo.

Na ni aibu zaidi kwa Baluba kuliko kwa wengine. Babu zetu walikuwa na watu wa kazi hiyo hasa. Wanachama wa Mbudye walifundishwa kutunza habari za ufalme, na walishika lukasa, ubao wenye shanga na mikato, wakiusoma kwa vidole: hapa mfalme fulani, hapa safari, hapa katazo. Kukumbuka kulikuwa ufundi wenye miaka ya kujifunza, kama uhunzi. Baba na mama wa Jamaa hawakuwa na lukasa. Walikuwa na vichwa vyao, na wale watoto wao wa roho. Na masharti ya miaka ya 1970 yalipokuja, wengi hawakuzaa tena.

Tulikwenda kumwona mama moja mzee, mjane, ambaye zamani yeye na bwana yake walikuwa baba na mama wa watu wengi. Hatutaandika jina lake, tulimwahidi. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akauliza habari za nyumba zetu moja moja, kwa jina. Tulikuwa na kalamu na simu ya kunasa sauti. Tulipomwomba atuambie mafundisho, alicheka kidogo. Akasema angependa, lakini yale yalitolewa na watu wawili: bwana yake alianza neno, yeye alilimaliza, kuna fasi ambazo sauti ya mwanaume ilinyamaza na ya mwanamke ikaingia. Tangu alipofariki, yeye anajua nusu yake tu. Nusu ingine anaisikia kichwani, kwa sauti ya bwana yake, na hajui kuitamka kwa sauti yake.

Moja kati yetu, ambaye alikuja pamoja na bibi yake, akauliza kama angeweza kutuambia ile nusu yake. Mama akamtazama bibi, si bwana. Akamuuliza kama wao wawili wanaambiana ndoto.

Bibi akakawia kujibu. Mama hakumharakisha, alisogeza sufuria juu ya makala, akasema turudi siku ingine, na hao wawili waje peke yao, bila kalamu kwanza.

Wamekwenda mara tatu. Bado hawajatuambia kitu, na kalamu haijaruhusiwa.